Msinizike kwa Picha

Nakuru, 12 Februari 2023

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumai usiku wa jana ulikuwa na huruma kuliko ule wa juzi, na kwamba dumuzi hawajaingia ghalani. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena, na sitaki kaka Weldon akusomee ujumbe wangu kwa sauti hadi majirani wote wajue. Kabiru wa lori la mahindi ameahidi kukupa bahasha hii mkononi.

Mama, kazi yangu ni kusoma picha za ndani ya miili ya watu, na ile ya mgongo wako niliisoma mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilitamani iwe ya mtu nisiyemjua. Mifupa mitatu ya kiuno chako ina madoa yasiyopaswa kuwepo. Daktari Mbugua, mkubwa wetu, ameitazama na kufika pale pale nilipofika: inaelekea ni kansa iliyoanzia mahali pengine mwilini ikashukia mgongoni. Ile typhoid uliyotibiwa mwaka mzima, dawa juu ya dawa, sidhani kama iliwahi kuwa typhoid.

Daktari anataka uanze kupigwa mionzi mapema, kabla mishipa ya fahamu haijabanwa na miguu ikakataa kazi. Weldon nimemwambia, na alilia. Atakuleta Jumatatu ya tarehe 20. Najua utakasirika. Njoo ukiwa umekasirika, mradi uje.

Mwanao,
Jepkemboi


Rongai, 16 Februari 2023

Kwako Jepkemboi,

Chamgei mising. Umeuliza habari za usiku. Sikulala, lakini nimeamka, na hilo ndilo la maana. Ng'ombe wamekamuliwa. Watoto wa kaka yako hawajambo, mkewe Fancy ana mafua. Weldon mwenyewe nimemfukuza uani kwangu hadi ajifunze kunitazama bila machozi. Ananitazama kama maiti iliyoomba chai.

Barua yako nimeisoma kwanza kama mama, kisha kama mwalimu. Nilifundisha Kiswahili hadi serikali iliponiambia nipumzike, kwa hiyo maneno siyapiti mbio. Umeandika "inaelekea". Umeandika "mahali pengine mwilini". Mahali gani, Jepkemboi? Mlinipiga picha ya kifua, mkanikagua matiti, mkanipaka yale mafuta ya baridi tumboni mkatazama maini na figo, na kila mmoja alisema pako sawa. Sasa hiyo kansa iliingilia mlango gani?

Nilipokuwa nasahihisha insha, sikumpa mtoto sufuri kwa kuangalia mwandiko. Nilisoma hadi mwisho. Ninyi mmeangalia mwandiko.

Sikatai kwamba naumwa. Mgongo unaniuma hadi naona nyota, jasho la usiku linalowesha shuka, na sketi zangu zote sasa nazibana kwa pini. Ninachokataa ni kuzikwa kwa picha. Niambie kama kuna magonjwa mengine yanayoweza kuchora madoa hayo hayo. Ukisema hakuna, nitakuja kwa mionzi yenu. Ukisema yapo, yatafuteni kwanza.

Jumatatu siji.

Mamako,
Cheptoo


Nakuru, 21 Februari 2023

Mama yangu mkaidi,

Sijui namsalimu vipi mtu aliyefuatwa na gari hadi mlangoni akaenda kujificha zizini. Weldon alinipigia simu akiwa hoi. Hata hivyo, hujambo? Mgongo umekupa nafasi ya kukaa? Mpe Fancy pole ya mafua.

Jibu la swali lako ni kwamba yapo. TB inaweza kuchora picha kama hiyo, maana huwa inaingia hata mgongoni. Brusela, ule ugonjwa wa mifugo, inaweza. Usaha wa vijidudu vya kawaida unaweza. Kuna pia kansa ya uboho, lakini hiyo tuliipima kwenye damu na mkojo na hatukuiona.

Nikueleze ninachokitazama. Kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna mto laini. Mara nyingi kansa hula mfupa na kuuacha mto. Maambukizi mara nyingi huuharibu mto pamoja na mifupa iliyoushikilia. Wako umeliwa kidogo upande mmoja. Daktari Mbugua anasema huo ni uzee. Mimi nasema sijui, na kusema sijui mbele ya Mbugua si jambo dogo. Damu yako nayo inaonyesha mwili unapigana na kitu, lakini chembe nyeupe hazijapanda kama zinavyopanda kwenye usaha. Picha inanionyesha palipoharibika. Jina la aliyeharibu inabidi nilitafute kwingine.

Kwa hiyo nijibu, na ujibu kwa sentensi kamili kama ulivyokuwa ukitulazimisha. Umekohoa kwa muda mrefu? Kuna mtu hapo nyumbani aliyewahi kuugua TB? Unakunywa maziwa mabichi?

Mwanao anayekuogopa kidogo,
Jepkemboi


Rongai, 25 Februari 2023

Mwanangu,

Sote tu wazima, ukiniondoa mimi. Mafua ya Fancy yamehamia kwa watoto.

Sikujificha zizini. Nilikwenda kuangalia ng'ombe, na nikaangalia kwa muda.

Majibu. Sijakohoa. Hapa nyumbani hakuna mtu mwenye TB, wala aliyewahi kuwa nayo. Sinywi maziwa mabichi, na nilipokuwa shuleni niliwachapa vijana waliojikamulia ng'ombe mdomoni. Nimemaliza mtihani, sahihisha.

Sasa langu. Je, hakuna njia ya kutoa kipande cha hicho kitu kikatazamwa chenyewe? Kama ipo, nitakuja kwa hiyo, na nitalala hapo mtakaponilaza bila kelele. Kwa mionzi siji.

Mamako,
Cheptoo


Nakuru, 3 Aprili 2023

Mama,

Pole na safari ya kurudi, na pole na pale tulipokutoboa. Muuguzi wa wodi anakusalimu. Anasema tangu uondoke hakuna anayemrekebisha ngeli.

Majibu ya kile kipande yametoka, na nilitaka uyapate kwangu kabla hujayasikia kwa Weldon. Hawakuona chembe za kansa. Mashine ya TB haikuona TB. Waliona askari wa mwili wako wamejaa pale wakipigana, bila kuonyesha wanapigana na nani. Brusela tulikuwa tumeshaifuta kwa sababu ya jibu lako, kwa hiyo hakuna aliyeitafuta.

Mimi nilifurahi. Kikao cha madaktari hakikufurahi. Daktari Mbugua alisema sindano inaweza kupita kando ya uvimbe ikaleta kipande cha pembeni, na ni kweli, huwa inatokea. Akasema pia mguu wako wa kushoto umeanza kuburuta, na tukingoja ushahidi zaidi tutaupata ukiwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilibishana naye hadi sauti ikanikauka. Nikashindwa. Mionzi imepangwa baada ya Pasaka.

Weldon ameshasaini kwa niaba yako. Nilimwambia hana mamlaka hayo wakati una akili zako. Akanijibu kwamba mtu mwenye akili zake hamkatai daktari.

Mama, nimeitazama picha yako hadi naiona nikifumba macho. Naogopa kukuambia uje, na naogopa kukuambia usije.

Mwanao,
Jepkemboi


Rongai, 8 Aprili 2023

Mwanangu Jepkemboi,

Futa machozi kwanza, ndipo usome. Huku tumepata mvua na mahindi yamepandwa. Mguu wa kushoto unaburuta. Naburuta nao.

Jana kaka yako alileta watu wa kanisa kuniombea. Sikuulizwa. Niliona viti vya plastiki vikishushwa nikadhani kuna harusi ya jirani. Mzee Elphas akasimama katikati ya sebule yangu, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sababu "Mwalimu Cheptoo alikuwa mama mwema na alitufundishia watoto". Nikamkatiza kwenye maombi yenyewe. Nikamwambia, Elphas, rekebisha kitenzi. Sema "ni". Watu wakacheka, Weldon akatoka nje.

Nilimfuata kwa fimbo yangu hadi penye tangi la maji. Nikamwambia, "Weldon, umesaini mwili wa nani?" Akasema, "Mama, mimi nataka tu upone." Nikamwambia kupona sikukatai, nakataa kuponywa ugonjwa ambao hakuna aliyeuona. Anakupenda wewe na mimi kuliko anavyojua kusema, lakini kijana yule akiogopa huwa anageuka chifu.

Hata hivyo sikuwaacha wageni waondoke na njaa. Fancy alisonga ugali, nami nikatoa mursik, kibuyu kizima wakakimaliza. Elphas aliyekuja kunizika alinyoosha kikombe kuliko wote. Nami nilikunywa, maana siku hizi hicho ndicho kitu pekee kinachopita kooni.

Waambie baada ya Pasaka siji. Sema hivyo hivyo, kwa maneno yangu.

Mamako,
Cheptoo


Nakuru, 10 Aprili 2023

Mama,

Nisamehe, leo sina salamu. Hiyo mursik. Maziwa yake unayachemsha kabla ya kuyatia kibuyuni? Usinywe tena hadi nikuambie. Kabiru nimemwomba angoje jibu. Usimwache aondoke mikono mitupu.

Jepkemboi


Rongai, 10 Aprili 2023

Binti yangu,

Wewe umekosa salamu, mimi sikosi. Chamgei. Kabiru amekaa kwenye ngazi na chai yake, kwa hiyo naandika haraka.

Siyachemshi. Mama yangu hakuyachemsha, nami nikichemsha naona ladha imekimbia.

Sasa usianze kuniambia kwamba nilikudanganya. Uliniuliza kama nakunywa maziwa mabichi. Mabichi ni yale yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi, yana povu. Yangu hukaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, siku baada ya siku, hadi yaive. Kitu kilichoiva hakiitwi kibichi, popote pale nilipofundisha lugha hii. Ukimuuliza mtu yeyote kutoka hapa hadi Mogotio atakujibu vile vile na ataapa. Kama ulitaka kujua habari za mursik ungesema mursik. Ulilelewa kwa hayo maziwa, Jepkemboi. Ni shule gani iliyokusahaulisha jina lake?

Na kwa kuwa leo unauliza kama mtoto wa hapa, nitakupa na lile ambalo hukuuliza. Mwaka juzi ng'ombe mwekundu alitupa mimba. Yule mweusi akafuata. Kondo la nyuma liligoma kutoka, nikalivuta kwa mikono yangu, bila glavu, maana nani huku anavaa glavu kumsaidia ng'ombe wake? Homa zangu zilianza baada ya hapo, na zahanati ikaziita typhoid.

Weldon atanileta kesho. Nakuja kwa damu. Akitaja mionzi njiani, nashuka.

Mamako,
Cheptoo


Nakuru, 11 Juni 2023

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumai kitanda chako mwenyewe kimekupokea vizuri baada ya hizo wiki zote za wodi na sindano. Endelea na vidonge, vyote, hata siku utakayojiona umepona. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, ni dawa inapita.

Sasa naweza kukusimulia niliyokuficha ukiwa umelala ghorofa ya chini yetu.

Kipimo cha kwanza cha brusela kilirudi kikiwa juu sana. Nilikimbia nacho hadi kwenye kikao. Daktari Mbugua akakitazama akasema, "Nusu ya wafugaji wa bonde hili wana alama hizi kwenye damu. Zinaonyesha alikutana na brusela. Hazionyeshi kwamba brusela ndiyo iliyo mgongoni." Na Mama, alikuwa sahihi. Hata mimi ningemwambia mwanafunzi hivyo. Nikaomba mionzi ingoje hadi tuone kama kijidudu chenyewe kitaota kwenye chupa ya damu. Akasema mguu hauna muda. Akaniambia nitoke nje kwa kuwa mimi ni binti wa mgonjwa.

Sikutoka. Nilimwambia, "Daktari, ile ripoti ya kansa niliiandika nikiwa binti yake, na hakuna aliyenitoa." Nikawaambia kwa maneno yako, hivyo hivyo: huyu mama haji kwa mionzi. Wangeweza kukuanzishia dawa za brusela siku ile ile na kuutazama mguu kila asubuhi, au wangeweza kungoja idhini ambayo haitapatikana. Akakubali dawa, shingo upande.

Najwa wa maabara ndiye aliyeitunza chupa yako. Kijidudu hiki kinaota polepole, na kinaweza kumwambukiza anayekishika, kwa hiyo wasipoambiwa wanachotafuta hutupa chupa mapema. Safari hii waliambiwa. Ikaota, Mama. Tuliporudi kwenye kikao niliweka mezani picha yako yenye ule mto ulioliwa upande, majibu ya kipande kisicho na kansa, na majibu ya chupa. Kila kimoja kikiwa peke yake kingebishaniwa hadi jioni. Vikiwa pamoja hakuna aliyebisha. Mbugua mwenyewe akasema tufute mionzi. Kesho yake alikuja kitandani kwako kukusalimu, na wewe ukamuuliza kwa nini amechelewa.

Nakupenda. Chemsha maziwa.

Mwanao,
Jepkemboi


Nakuru, 18 Septemba 2023

Mama,

Hujambo na mguu? Mahindi yamekauka? Mimi sijambo, nimepata usingizi wangu.

Picha uliyopigwa wiki jana imesomwa na daktari mgeni asiyekufahamu. Ameandika kwamba madoa bado yapo na huenda ni kansa. Nakuambia mwenyewe ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine. Alama za ugonjwa kwenye damu yako zinashuka vizuri, homa imekwisha, uzito umerudi. Mifupa huchelewa kubadilika kwenye picha hata mwenyewe akiwa amepona. Nimemwandikia yule daktari historia yako yote, na nimempigia simu pia, na sikuwa mpole.

Ila kuna jambo linaloniuma. Kibuyu kile hukunywa peke yako. Nataka kila mtu aliyekuwa akinywea hapo apimwe. Fancy, watoto, Elphas, Weldon. Wote.

Mwanao,
Jepkemboi


Rongai, 2 Oktoba 2023

Mwanangu Jepkemboi,

Chamgei mising. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti kisicho na mto, na mgongo hausemi kitu. Mguu bado mvivu, nadhani utabaki hivyo, nami nimeuambia tutaelewana. Ng'ombe mwekundu na mweusi walipimwa wakaondolewa. Nililia zizini. Maziwa sasa yanachemshwa kabla ya kuingia kibuyuni, na ladha si ile, na tunayanywa. Hiyo picha yenu ya mwezi uliopita iacheni ichelewe. Mimi nimeshatangulia.

Umesema watu wapimwe. Niliwapeleka mwenyewe, kwa fimbo yangu, na pale zahanati nilisimama dirishani hadi walipoandika brusela kwenye karatasi badala ya ile typhoid yao. Fancy hana. Watoto hawana. Elphas anayo, na kumbe miaka miwili amekuwa akijifunika blanketi mchana. Ameanza vidonge.

Weldon amekataa.

Anasema ni uchovu wa trekta. Anatoka jasho la usiku, Jepkemboi, lile lile, nalijua harufu yake. Anashuka kwenye trekta kama mzee. Na kuna jambo jingine ambalo mwanamume hawezi kumwambia mama yake. Fancy ndiye aliyeniambia, huku ameinamisha uso. Pamevimba mahali ambapo sitapaandika, na amekuwa akilificha hilo tangu kabla ya Pasaka. Wakati ule ananisainia mionzi, alikuwa anaugua ugonjwa wangu. Nimegombana naye, nimemsihi, nimelia mbele yake, mimi ambaye sikulilia mgongo wangu. Ananiambia, "Mama, mimi niko sawa." Ukaidi huo ameutoa kwangu, na leo ndio naujua uchungu wake.

Kwa hiyo nimemdanganya. Nimemwambia kuna barua ya dharura kuhusu dawa zangu, na Kabiru hayupo. Kabiru yuko jikoni anakula. Weldon ndiye atakayekukabidhi bahasha hii. Atasimama mlangoni kwako na kofia mkononi, atasema ameleta barua tu, na kwamba trekta la watu linamngoja.

Usimpe jibu la kuniletea. Mkalishe. Funga mlango.

Mama yenu,
Cheptoo